Kabla ya kushusha gari, itazame raba ya stopa

Probox iliyojaa ndizi ikiteremka kutoka Keroka kuelekea mjini Kisii haihitaji mtu wa kueleza mzigo wake. Mkia umeketi chini, pua imeinuka, na kila inapovuka tuta husikika kishindo kizito kutoka nyuma. Kishindo hicho si cha springi. Ni cha raba fupi ambayo mafundi huiita bampu stopa, au stopa tu, na kazi yake ni kupokea uzito pale springi inapofika mwisho wa safari yake.

Wengi hawaijui raba hii mpaka siku wanapoamua kubadilisha kimo cha gari. Wapo wanaolipandisha ili libebe zaidi, na wapo, hasa vijana wenye magari madogo ya saluni, wanaolishusha ili lionekane limelalia barabara na lisiyumbe kwenye kona. Makala haya yanawahusu zaidi hawa wa pili, kwa sababu ndio wanaotumia nafasi ambayo springi ilihitaji kufanyia kazi.

Stopa huvalishwa kwenye fito ya shoki, chini ya kifuniko cha vumbi, au hufungwa kwenye chesisi mahali ambapo eksili ingegonga. Ile ya zamani ni raba ngumu. Ile ya magari mengi ya leo ni sponji ngumu ya poliyurethini yenye mikunjo, nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili. Umbo hilo lina sababu. Ncha nyembamba huguswa kwanza na hubonyea kwa urahisi. Kadiri uzito unavyoongezeka ndivyo inavyokuwa ngumu. Kwa hiyo stopa ni springi ya pili inayoingia kazini kwa kuchelewa. Pasipo stopa, chuma cha shoki hukutana na chuma, na tairi huweza kufika kwenye madigadi.

Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kila mwenye gari aifanye kabla ya kutoa pesa. Tuchukue gari la mfano ambalo, likiwa tupu, lina sentimita 6 kati ya stopa na shoki nyuma. Springi zake hubonyea sentimita 1 kwa kila kilo 20 upande mmoja. Watu watatu wenye kilo 70 kila mmoja wakiketi nyuma, huongeza kilo 210, yaani takriban kilo 105 kila upande. Springi itabonyea kama sentimita 5, na bado sentimita 1 itabaki kwa ajili ya mashimo. Si nyingi, lakini ipo.

Sasa gari hilohilo lifungwe springi za kulishusha kwa sentimita 4. Zinabaki sentimita 2 tu. Hata tukisema springi mpya ni ngumu zaidi na hubonyea sentimita 1 kwa kilo 25, nafasi hiyo huisha kwa kilo 50 kila upande. Abiria wa pili akiketi, stopa imeshaguswa kabla gari halijaondoka stejini. Kutoka hapo dereva haendeshi tena kwa springi, anaendesha kwa raba.

Kwenye barabara tambarare hilo lingekuwa kero ya mgongo tu. Lakini Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima. Barabara hupanda, huteremka na kupinda, na mvua za masika huacha mashimo hata pale palipokuwa laini mwezi mmoja uliopita. Gari likikata kona huku uzito umelalia upande mmoja, halafu stopa ya upande huo ikagongwa kwa nguvu, ugumu wa upande huo hubadilika ghafla. Tairi hushindwa kuifuata barabara na huruka. Ikitokea nyuma, mkia hutoka nje ya kona. Ikitokea mbele, usukani hugeuzwa na gari huendelea kwenda mbele. Dereva mzoefu anaweza kudhani ni utelezi wa mvua.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi sana kwenye gereji. Baadhi ya magari ya mizigo yana vali ya breki iliyounganishwa na eksili ya nyuma. Vali hiyo hupima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya eksili na bodi. Gari likishushwa, vali hudhani limepakiwa na hupeleka nguvu nyingi kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama wakati wa kufunga breki kwenye mteremko. Gari likipandishwa hutokea kinyume chake: breki za nyuma hupungukiwa, na za mbele hubeba kazi yote. Mwenye gari kama hilo amwambie fundi airekebishe vali baada ya kimo kubadilika.

Basi stopa ifanyweje? Makosa ni mawili, na yote huonekana. La kwanza ni kuiacha ilivyo, kama hesabu ya hapo juu inavyoonyesha. La pili, ambalo ni baya zaidi, ni kuitupa kabisa ili "gari lipate nafasi". Nafasi hiyo ni ya shoki kujivunja. Shoki ikipigwa chuma kwa chuma huanza kuvuja mafuta, na ikiisha nguvu gari hudundadunda na hukawia kusimama.

Njia sahihi ni kununua stopa fupi iliyotengenezwa kwa springi hizo, au kuikata ile ya zamani kwa kipimo. Springi nyingi za kushusha huuzwa na karatasi inayosema stopa ikatwe kiasi gani, na karatasi hiyo ifuatwe. Kwa kawaida mkato hupita kwenye mfereji kati ya mikunjo, upande mnene, ili ncha nyembamba ibaki na kugusa kwa upole. Kisu kikali kinatosha. Pande mbili za eksili moja zikatwe sawasawa.

Springi yenyewe isikatwe. Moto wa gesi huharibu ugumu wa chuma, na springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake gari linapoinuliwa au gurudumu linaponing'inia shimoni. Na kwa usalama wa fundi: springi ya mbele ikiwa imebanwa kwenye shoki ina nguvu ya kuvunja mkono au taya. Ifunguliwe kwa kifaa cha kubania springi, si kwa waya wala mnyororo. Boliti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, bushi hukaa zimejipinda na huchanika mapema. Halafu gari lipelekwe kufanyiwa alaimenti.

Kuna jaribio lisilo na gharama la kujua kama kazi imefanywa vizuri. Fundi afunge kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye fito ya shoki, chini karibu na mwili wa shoki, pale fito inapoonekana. Gari liendeshwe pole pole kwenye barabara ya kawaida likiwa na watu na mzigo wa kawaida, kwa mfano kutoka Suneka hadi mjini na kurudi. Shoki itaisukuma kamba juu na kuiacha pale ilipofika mwisho. Ikiwa imefika kwenye stopa mara moja kwenye shimo kubwa, hakuna neno. Ikiwa imesukumwa ndani ya stopa na raba ina alama ya kubanwa safari nzima, springi hizo hazilifai gari hilo kwa kazi linayofanya.

Kisheria, kaunti husimamia barabara za kaunti, maegesho na uchukuzi wa umma kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, lakini ukaguzi wa hali ya gari ni wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na sehemu zake zote zitunzwe katika hali isiyohatarisha wengine barabarani. Jukumu hilo halimwachi mwenye gari kwa sababu fundi ndiye aliyeshika spana.

Mwenye gari aombe kurudishiwa springi na stopa za zamani, azifunge kwenye gunia na kuziweka nyumbani. Gari likianza kubeba ndizi, au mawe ya Tabaka, zitahitajika tena.