Makaratasi ya Bwana Hall

Mtu akifa huacha nguo, madeni na makaratasi. Nguo hugawanywa, madeni hulipwa na wanawe, lakini makaratasi mara nyingi huliwa na mchwa, au hufungiwa karanga sokoni. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani na Ulaya wana desturi nyingine. Makaratasi ya mkuu wa chuo aliyefariki hutiwa katika chumba cha nyaraka, yakapangwa na kuandikiwa orodha, na mwenye haja ya kuyasoma aweza kuomba ruhusa akayasoma. Leo nataka kueleza habari za makaratasi ya Bwana G. Stanley Hall, yaliyowekwa katika Chuo Kikuu cha Clark, mjini Worcester, jimbo la Massachusetts. Nimeyachagua kwa kuwa yanatuhusu sisi Waafrika kuliko mnavyodhani, na kwa kuwa yalitugombanisha darasani.

Hall alikuwa mtoto wa shamba, mwenyeji wa Ashfield katika jimbo lile lile la Massachusetts. Mwaka 1878 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard kwa saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu, naye ahesabiwa kuwa Mmarekani wa kwanza kuipata katika nchi yake. Mwaka 1892 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilipoanzishwa, rais wake wa kwanza alikuwa yeye. Tajiri mmoja, Bwana Jonas Clark, alitoa mali yake kujenga chuo, na mwaka 1888 Hall akachaguliwa kuwa mkuu wa chuo hicho. Alikaa katika kiti hicho hadi mwaka 1920, akafariki mwaka 1924. Hayo yamo vitabuni, siyakawilii.

Tena yeye mwenyewe aliandika kitabu cha maisha yake, kikatoka mwaka 1923. Lakini mtu asimuliaye maisha yake huchagua la kusema na la kunyamazia. Makaratasi hayana adabu hiyo. Chukueni mfano wa Daktari Sigmund Freud wa Vienna. Ukisoma historia utaambiwa kwamba Hall alimwalika kwa sherehe ya miaka 20 ya chuo, naye akaja Septemba 1909 pamoja na Jung, akatoa mihadhara mitano kwa Kijerumani. Hakufika Marekani kabla ya hapo wala baada yake. Barua zao zaongeza jambo. Hall alitaka kwanza sherehe iwe Julai. Freud akajibu kuwa haiwezekani, kwani kuwaacha wagonjwa wake mwezi ule kungempotezea fedha nyingi. Basi Hall akaisogeza sherehe hadi Septemba, na malipo akayaongeza. Mabwana wakubwa wa elimu walipatana bei kama watu wa gulioni! Sioni aibu katika hilo. Mimi nilimpenda Freud zaidi baada ya kulijua.

Sasa nafika penye ugomvi wetu. Mwaka 1904 Hall alitoa kitabu kikubwa cha juzuu mbili juu ya umri wa kubalehe, na kitabu hicho kilimpa sifa nyingi. Sura yake ya mwisho yahusu mataifa anayoyaita mataifa yaliyo katika ujana, na humo tumo sisi, pamoja na Wahindi Wekundu wa Marekani na watu wa visiwa vya Pasifiki. Hall alidhani kwamba mtoto akikua hupita tena ngazi zote ambazo wanadamu walizipanda tangu kale, na kwamba mataifa mengine yamesimama kwenye ngazi ya chini, kama kijana asiyekomaa. Baadaye wataalamu waliitupa nadharia hiyo. Lakini wakati ule ilisemwa na mkuu wa chuo kikuu, na waliotaka kututawala walifurahi kuisikia.

Na mwaka ule ule wa 1904, huyu Hall alikuwa rais wa tawi la Marekani la chama kilichopigania mageuzi katika Kongo. Ndiyo, Kongo hii hii jirani yetu, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Huko watu walilazimishwa kugema mpira, wasiotimiza kipimo wakapigwa viboko, na wengine wakakatwa mikono. Chama hicho, kwa Uingereza na Marekani, kilipiga kelele hadi mwaka 1908 mfalme akalazimika kuiachilia nchi ile mikononi mwa serikali ya Ubelgiji.

Je, mtu mmoja awezaje kusema hayo na kutenda haya? Nimelifikiri sana swali hili, nami naona yote mawili yalitoka katika shina moja. Hall aliona kuwa sisi ni watoto, na mtoto hapigwi wala hakatwi mkono; mtoto hulindwa. Huo ni wema, siukatai, na waliopona kwa ajili yake hawakuuliza ulitoka wapi. Lakini ni wema wa mtu aliyesimama juu ya kiti akikupapasa kichwa.

Mwenzangu mmoja darasani aliposikia habari ya sura ile alisimama akasema kwamba makaratasi ya mtu wa namna hiyo yafaa kutiwa moto. Wengi walipiga makofi. Mimi nilikataa, na sababu yangu ni hii hapa.

Barua haikai kwake yeye aliyeiandika. Hukaa kwa aliyeandikiwa. Ukifungua masanduku ya Hall, sehemu kubwa ya utakayoyasoma si maneno ya Hall, bali ya watu waliomwandikia: wenye kuomba kazi, wenye kulalamika, wenye kuomba nafasi ya masomo. Na mmoja wao aliitwa Francis Cecil Sumner.

Sumner alikuwa Mmarekani Mweusi, aliyezaliwa mwaka 1895 huko Pine Bluff, jimbo la Arkansas. Shule ya sekondari kama hii yetu hakuipata. Alifundishwa na babake nyumbani. Akiwa na umri wa miaka 15 tu alifanya mtihani akaingia Chuo cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo cha watu weusi, akamaliza mwaka 1915. Kisha akaandikiana na Hall, akasoma Clark mwaka mmoja, akarudi Lincoln kufundisha. Mwaka 1917 alipokewa tena Clark kusomea saikolojia. Vita Kuu ya Kwanza ikamnyakua: mwaka 1918 aliingizwa jeshini akapelekwa Ufaransa, na kutoka jeshini aliendelea kumwandikia mwalimu wake. Alirudi mwaka 1919. Juni 1920 alipata udaktari wake, mtu mweusi wa kwanza wa Marekani kuupata katika saikolojia. Insha yake ilihusu mafundisho ya Freud na Adler, katika chuo kile kile ambamo Freud alisimama miaka 11 nyuma. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwisho wa Hall.

Basi, mkitia moto masanduku ya Hall, mwateketeza na barua za Sumner. Maneno ya kijana aliyekuwa na umri wa kukaribiana na wetu, akiomba nafasi kwa mtu aliyekuwa ameandika kwamba mataifa ya Afrika hayajakomaa, yangepotea pamoja na sura ile. Na sura ile isingepotea, kwa kuwa ilikwisha chapwa, nayo imo katika maktaba nyingi. Moto wenu ungemwacha Hall na kumla Sumner.

Mwenzangu aliketi, ingawa hakusema kwamba amekubali. Baadaye aliniuliza Sumner aliishia wapi. Nilimwambia kwamba tangu mwaka 1928 aliongoza saikolojia katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Kati ya wanafunzi wa huko walikuwa Kenneth Clark na Mamie, aliyekuja kuwa mkewe (jina lisiwachanganye, yule tajiri wa Worcester si ndugu yao). Hao wawili ndio waliowapa watoto weusi wanasesere weusi na weupe na kuwauliza yupi ni mzuri, na wengi wakamchagua mweupe. Uchunguzi wao ulitajwa na Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua, Mei 1954, kwamba kutenga shule za watoto weusi na weupe ni kinyume cha sheria. Sumner alifariki Januari mwaka ule ule, miezi minne kabla ya kuisikia hukumu.

Wanafunzi wa zamani wanaosoma ukurasa huu huenda wanazo barua walizoandikiwa na wenzao au na walimu wa shule hii. Tafadhali msizitoboe wala kuzibana kwa pini za chuma, kwa kuwa pini hushika kutu na kutu hula karatasi. Andikeni mwaka na jina nyuma kwa penseli, si kwa wino, na mziweke mbali na jua na mchwa. Kabati la maktaba yetu lina rafu mbili tupu, na mwalimu wa maktaba amekubali kuzipokea.