Samehe au Pinga? Lugha ya Rufaa ya Faini ya Maegesho

Mwanafunzi aliyetozwa faini kwa kuegesha gari chuoni, mahali pasipo na bango la kukataza, aghalabu huandika: "Naomba mnisamehe." Hapo amekwisha kujifunga, kwani kitenzi samehe hudokeza kuwa kosa lilitendeka. (Adabu ya barua rasmi tuliyofunzwa shuleni yachangia.) Kitenzi kimfaacho ni pinga, kifuatwe na tarehe, saa, mahali hasa na picha ya eneo lenyewe. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na hatua ya kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Basi aongeze: "Nipewe sababu za uamuzi huu kwa maandishi." Kiishio -e cha nipewe chadai bila kufoka.