SOMO: KUPIMA UENDELEVU NA UONGOZI BORA KATIKA NYUMBA ZA WAGENI

Watumishi wa umma na wananchi wanakumbushwa kuwa hoteli haihesabiwi kuwa inatunza mazingira kwa sababu ya bango lililotundikwa mlangoni. Huhesabiwa hivyo kwa vipimo vinavyokaguliwa.

Haja hiyo imeonekana Visiwani kwenyewe. Utafiti wa shirika la Tourism Concern la Uingereza, uliotolewa mwaka 2012 kuhusu Kiwengwa, Nungwi na Jambiani, ulikuta chumba cha nyumba ya wageni kikitumia wastani wa lita 686 za maji kwa siku, na cha hoteli ya nyota tano lita 3,195.

Bara nako lipo la kujifunza. Mtumishi wa Zanzibar aendaye Dodoma kikazi huweza kulala katika kata ya Ipagala. Mji huo uko katika nyanda kame zenye msimu mmoja wa mvua, na hutegemea sana visima vya Makutupora. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, mahitaji ya maji yameongezeka.

Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu, nyumba ya wageni ya Ipagala. Mwezi wa kwanza mita inaonesha uniti 90, yaani lita 90,000, na kitabu cha wageni kina malazi 300, kila mgeni akihesabiwa kwa kila usiku. Hiyo ni lita 300 kwa kila lazi. Mwezi wa pili, Bunge likiwa halikutani, uniti ni 72 na malazi 180, sawa na lita 400. Ankara imepungua, lakini matumizi yamezidi. Huenda bomba linavuja. Mwenye nyumba atazamaye ankara pekee hatalijua hilo.

Uongozi nao hupimwa kwa ushahidi. Vigezo vya Baraza la Kimataifa la Utalii Endelevu (GSTC) vinagusa usimamizi, manufaa kwa jamii, utamaduni na mazingira. Mkaguzi aulizie leseni, mikataba ya kazi, orodha ya mishahara iliyotiwa saini, stakabadhi za kodi, na daftari la malalamiko lenye tarehe ya kila jibu. Daftari tupu si hoja kwamba wageni wameridhika, huenda hawakuoneshwa.

Wenye nyumba za wageni wanashauriwa kusoma mita na kujumlisha malazi siku ileile kila mwezi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.