Mnara wa Aigues-Mortes: Somo kwa Jamaa za Kikristo

Yasomwe kwanza: Waebrania 11:32-40 na 13:3, Luka 9:51-56.



Mtu atakaye kumfundisha mtoto njia ya kisimani hamwelezi akiwa ameketi barazani. Humshika mkono akaenda naye. Nami leo nataka kuwashika mkono, tutembee pamoja katika mji mmoja wa kale kusini mwa Ufaransa, kama nilivyoutembea na mke wangu na watoto wetu wawili. Jina lake ni Aigues-Mortes, maana yake Maji Mafu, kwa sababu umezungukwa na mabwawa ya maji yaliyotulia, karibu na bahari.

Tulitoka mji wa Nîmes kwa gari la moshi, tukashuka, na mara tukaona ukuta. Ndugu, ukuta huo ungali mzima hata leo! Urefu wake wapita mita 1,600, nao wauzunguka mji wa kale pande zote nne. Tukaingia kwa lango la kaskazini liitwalo Gardette. Karibu na hapo, kwenye pembe ya mji, umesimama mnara mkubwa wa mviringo, nao ndio Mnara wa Constance. Kuta zake zina unene wa mita 6.

Mnara huo ulijengwa kwa amri ya Mfalme Louis wa Tisa, ambaye Kanisa la Roma humwita Mtakatifu Louis. Alitaka bandari yake mwenyewe, apate kwenda kupigana vita vya msalaba. Aliondoka hapo na merikebu zake mwaka 1248, na mara ya pili mwaka 1270. Safari hiyo ya pili akafa kwa ugonjwa huko Tunis, wala Yerusalemu hakuupata. Sanamu yake imesimama katika uwanja ulio katikati ya mji.

Lakini sikuwapeleka jamaa yangu huko kwa ajili ya mfalme. Tulikwenda kwa ajili ya wanawake.

Mwaka 1598 Mfalme Henri wa Nne aliwapa Waprotestanti wa Ufaransa ruhusa ya kuabudu, kwa amri iliyotolewa Nantes. Hao hawakuwa Walutheri; walifuata mafundisho ya Calvin. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa Kumi na Nne akaitangua amri hiyo. Makanisa yao yakabomolewa. Wachungaji wakapewa siku 15 waihame nchi, na waumini wakakatazwa kuhama. Ndipo watu wakaanza kukutana kwa siri maporini na milimani, wasikie Neno na kuimba zaburi. Wanaume waliokamatwa walipelekwa kuvuta makasia katika merikebu za mfalme, na wanawake wakatiwa gerezani. Wengi wao wakafungwa katika mnara huu.

Tukapanda ngazi ya mawe izungukayo, tukafika chumba cha juu. Nuru ni haba, kwani madirisha ni nyufa nyembamba tu. Katikati ya sakafu pana tundu la mviringo, lenye ukingo wa jiwe, nalo hutazama chumba cha chini. Juu ya ukingo huo limechorwa neno moja. Halikuandikwa kwa herufi za shuleni, bali kama lilivyotamkwa katika vijiji vyao: REGISTER. Maana yake ni kusimama imara bila kushindwa. Watu wengi hudhani kwamba lilichorwa na Marie Durand.

Marie alizaliwa mwaka 1711 katika milima ya Vivarais. Kaka yake Pierre alikuwa mchungaji wa makutano yale ya siri. Askari waliposhindwa kumpata Pierre, walimfunga baba yake mzee, na mwaka 1730 wakamchukua Marie naye, akiwa na miaka 19 tu. Pierre alinyongwa Montpellier mwaka 1732. Marie akakaa mnarani miaka 38. Humo aliwafariji wenzake, akawaandikia barua kuwaombea msaada, na Wakristo wa nchi nyingine, hata wa Amsterdam, wakawapelekea fedha. Baadhi ya barua zake zimehifadhiwa hata leo.

Mlango wa gereza lile ulikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikuwa kinywani mwa kila mfungwa. Mwanamke akisema kwamba ameiacha imani yake, aliweza kutoka. Wako waliosema, nasi tusiwahukumu. Marie hakusema.

Mwanangu wa kiume aliliangalia jiwe lile kitambo, kisha akaniuliza, “Baba, kwa nini asiseme kwa kinywa tu, akatoka, akaenda kwao na kusali kwa siri?”

Ndugu zangu, mimi nimehubiri miaka mingi, lakini sikuwa na jibu mara hiyo. Mama yake ndiye aliyemjibu: “Mwanangu, watu wakiniuliza kama wewe u mtoto wangu, nikakukana mbele yao, kisha nikakubembeleza gizani, moyo wako utapona?” Kijana akanyamaza. Nami naliona ya kuwa hotuba yangu imekwisha kutolewa na mwingine.

Tukatembea juu ya ukuta. Upande wa kusini huonekana mashamba ya chumvi, na marundo yake meupe kama vilima. Hapo binti yetu akauliza lake: “Wale waliowafunga, walikuwa Wakristo?” Nikajibu, “Ndiyo.” Akasema, “Sisi Walutheri hatukufanya hivyo?”

Nilitaka kusema hapana, maana ni tamu kuhesabu dhambi za jirani. Lakini ingekuwa uongo. Katika siku za Matengenezo wako watu walioitwa Wanabaptisti, waliobatiza watu wazima tu. Watawala wa Kilutheri waliwatesa, na wengine wakawaua, na Luther na Melanchthon wenyewe waliikubali adhabu hiyo. Mwaka 2010, katika mkutano wa Stuttgart, Shirikisho la Walutheri Duniani liliwaomba Wamenno, walio wana wao kiimani, msamaha. Nikamweleza binti yangu haya yote. Akasema tu, “Kumbe walichelewa.” Naam, tulichelewa.

Basi fikirini juu ya mnara huu. Mfalme alitoka hapo kwa upanga apate kuitetea imani, akafa mbali. Wanawake waliingia humo mikono mitupu, na imani yao ikadumu. Mwaka 1768, Prince de Beauvau, mkuu wa Languedoc aliyekuwa Mkatoliki, aliwahurumia akawafungua, na Marie akarudi kwao. Mwaka 1787 Mfalme Louis wa Kumi na Sita akawarudishia Waprotestanti sehemu ya haki zao. Bwana aliwakemea wanafunzi waliotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria. Imani haihitaji moto wetu. Yahitaji watu wasioikana, na wasiomlazimisha mwingine kuikana yake.

Neno lile la jiweni, basi, lisomwe kwa pande mbili. Tusimame imara tunapoonewa. Tena tusimame imara zaidi tunapopata nguvu, tusije tukawajengea wengine mnara: mkwe wa dini nyingine, jirani aliyehamia kanisa jingine, kijana mwenye maswali.

Maswali ya kuzungumzwa nyumbani:

1. Je, yuko mtu katika jamaa yetu anayeogopa kusema wazi lililo moyoni mwake juu ya imani? Ni nani anayemwogopesha?
2. Waebrania 13:3 yatuagiza nini kwa habari ya waliofungwa? Usharika wetu umefanya nini mwaka huu?
3. Ni nani tunayepaswa kumwomba msamaha kabla hatujachelewa zaidi?

Bwana awape subira na upole. Amina.