Kinywa cha Mzee ni Amana



Katika darsa yetu alisimama ndugu mmoja akauliza swali ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka. Alisema: “Sheikh, mama yangu ni mtu mzima sana. Hajiwezi, na kinywani hana ila meno manne. Je, yanipasa kumsafisha kinywa, au jambo hilo ni la wale walio bado na meno?” Nilimjibu kwa ufupi kwamba ni jambo zuri, kisha nikaendelea na kitabu. Niliporudi nyumbani nikajilaumu, kwani swali lile halikustahiki jibu fupi, na mimi nilikuwa na sababu ya kulijua zaidi ya wote waliokuwapo.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alipatwa na kiharusi akakaa kitandani miezi mingi. Tulimwosha, tukambadilisha nguo, tukamsaidia kutawadha na kumwelekeza kibla. Akaanza kukataa chakula. Wazee walisema ameikinai dunia. Wengine wakasema azinguliwe, na kombe likaandikwa. Hata siku moja akaja mjukuu wake, msichana aliyesomea uuguzi, akamwambia, “Babu, niwie radhi,” akamfungua kinywa. Meno yake ya bandia yalikuwa hayajatolewa kwa wiki nyingi, na chini yake ufizi ulikuwa kidonda kitupu. Yule mzee hakuikinai dunia. Alikuwa na maumivu, na ulimi wake uliopooza haukuweza kuyasema. Meno yalitolewa, kinywa kikasafishwa kila siku, na baada ya siku chache alikunywa uji wake wote. Sisi tuliodhani twamhudumia vyema hatukuwa tumetazama mahali pa karibu kuliko pote.

Basi leo twataka kulijibu swali la ndugu yetu kama lipasavyo.

Sote twajua kuwa Mtume (s.a.w.) aliutilia mswaki mkazo mkubwa, hata akaeleza kuwa lau si kuchelea kuwapa umma wake uzito, angaliwaamrisha kwa kila swala. Lakini iko khabari nyingine katika Sahihi ya Bukhari, ambayo huisoma kwa machozi wala tusichukue mafunzo yake. Siku ya kufariki kwake, Mtume alikuwa ameegemea kifuani mwa Bibi Aisha. Akaingia Abdurrahmani bin Abi Bakr, mkononi ana mswaki. Mtume akautazama. Bibi Aisha akajua kuwa autaka. Akauchukua, akautafuna ukalainika, kisha akampa, naye akapiga mswaki.

Zingatia mambo matatu, ewe ndugu msomaji. Bibi Aisha alitambua haja ambayo haikutamkwa. Aliulainisha mswaki kwa kadiri ya udhaifu wa mgonjwa, kisha akamwacha autumie mwenyewe. Na hakusema kwamba mtu aliye katika hali ile hana haja tena ya mswaki. Adabu yote ya kumhudumia mzee kinywa imo katika tendo hilo.

Ama elimu ya matabibu, nayo yatuonyesha kuwa jambo hili si la pambo wala la harufu tu. Mzee dhaifu, khasa aliyepata kiharusi au maradhi ya kusahau, hupaliwa mara kwa mara, na pengine hupaliwa usingizini bila ya kukohoa. Mate yake huingia katika njia ya pumzi badala ya njia ya chakula. Ikiwa kinywa kimejaa ukoga, mate hayo huchukua vidudu mpaka mapafuni, na hapo huzuka kichomi, ambacho matabibu hukiita nimonia. Maradhi haya ni miongoni mwa yale yanayowaua sana wazee wasiojiweza.

Yamefanywa majaribio juu ya jambo hili katika nyumba za kutunzia wazee huko Japani, nchi yenye wazee wengi mno. Wazee wa nyumba 11 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja watunzaji waliwapiga mswaki baada ya kila mlo, na mtaalamu wa meno akawatazama kila wiki. Fungu la pili waliachwa na desturi yao ya zamani. Baada ya miaka 2, katika wazee 182 walioachwa na desturi yao, 34 walikuwa wamepata kichomi. Na katika 184 waliosafishwa, 21. Khabari hizi zilitangazwa mwaka 1999 na kuelezwa kwa urefu mwaka 2002. Na la kuzingatiwa zaidi ni kwamba faida hiyo waliipata wenye meno na vibogoyo pia. Hili ndilo jawabu la ndugu yetu: ufizi na ulimi navyo hushika uchafu, na mama asiye na meno hata moja bado ana kinywa.

Lakini insafu yatulazimu kutaja na upande wa pili. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, jaribio kama hilo lilifanywa katika nyumba 14, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2020. Mwaka wa kwanza kichomi kilipungua. Lakini faida hiyo haikuonekana tena hesabu ya miaka 2 ilipotimia. Basi mtu asidhani kuwa mswaki ni hirizi ya kuzuia kila maradhi. Kazi hii yataka kudumu nayo, na sisi tumefunzwa kuwa amali ipendezayo zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa ni ndogo.

Na huko Uingereza, ambako wengi wetu tuna jamaa, wakaguzi wa serikali walitoa ripoti mwaka 2019 baada ya kuzuru nyumba 100 za wazee. Waliona kuwa zaidi ya nusu hazikuwa na utaratibu ulioandikwa wa kutunza vinywa vya wakazi wake, na kwamba karibu nusu hazikuwafunza watumishi wake kazi hiyo. Hizo ni nyumba zenye vitanda vizuri, chakula na dawa kwa saa. Sisi tusiwacheke, kwani kasoro hiyo hiyo imo katika nyumba zetu ambamo mzee amezungukwa na wanawe na wajukuu.

Sasa tueleze namna ya kazi yenyewe.

Kwanza, mketishe mzee wima, na kichwa kiinamishwe mbele kidogo. Usimsafishe akiwa amelala chali, usije ukampalia kwa maji.

Pili, kaa mbele yake akuone, mwombe idhini, na umweleze ufanyalo. Akiweza kuushika mswaki, mwachie, nawe uongoze mkono wake. Akikataa, usimlazimishe; ngoja kidogo, kisha urejee. Mtu mwenye maradhi ya kusahau hukataa kwa khofu, wala si kwa ukaidi.

Tatu, tumia mswaki mdogo laini na dawa ya meno kidogo tu, mara mbili kwa siku, na khasa kabla ya kulala. Sugua meno, ufizi na ulimi kwa upole. Asiyeweza kutema, mfute kwa kitambaa safi kilichotiwa maji kidogo. Kusukutua katika udhu ni sunna tukufu, lakini maji peke yake hayaondoi ukoga.

Nne, meno ya bandia yatolewe kila usiku, yasuguliwe, yalazwe katika maji safi yasiyo ya moto. Na akiwa mzee yumo katika nyumba ya kutunzwa, yatiwe alama ya jina lake, kwani meno hupotea na hubadilishana huko kama viatu mlangoni pa msikiti.

Tano, dawa nyingi wanywazo wazee hukausha mate, na mate ndiyo mlinzi wa kinywa. Mnyweshe maji kidogo kidogo, ila ikiwa tabibu amemkataza vitu vyepesi kwa kupaliwa, na umpunguzie vitu vya sukari.

Sita, tazama ndani kila siku. Ukiona utando mweupe, damu, uvimbe, au kidonda kisichopona kwa wiki 3, mpeleke kwa tabibu. Na mzee akikataa kula, akishika shavu, au akiyakataa meno yake ya bandia, anza kutazama kinywa kabla ya kusema ameikinai dunia au amerogwa.

Wako watu ambao mwezi wa Ramadhani huacha kumsafisha mgonjwa wao baada ya adhuhuri, kwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii ni karaha kupiga mswaki baada ya jua kupinduka. Karaha hiyo ni ya aliyefunga. Mzee asiyeweza kufunga, anayetolewa fidia, haimhusu. Na kumwacha mchafu kwa sababu hiyo ni kuitumia sheria mahali pasipo pake.

Na wewe ambaye mzazi wako yumo katika nyumba ya kutunzia wazee, hapa petu au ng'ambo, usidhani kuwa kulipa ada ndiyo mwisho wa haki yake. Uendapo kumzuru, au upigapo simu, usiulize tu kama amekula na kama amelala. Uliza: ni nani ampigishaye mswaki, mara ngapi, na lini mara ya mwisho tabibu wa meno amemtazama? Watumishi wakijua kuwa swali hilo litaulizwa kila mara, watalikumbuka.

Mama alitutafunia chakula tulipokuwa hatuna meno, akatupangusa vinywa wala asione kinyaa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuwatendea wema wazee wetu wanapofikia uzee wakiwa kwetu, wala tusiwaambie hata neno la kuonyesha kuchoka. Kukunja pua mbele ya kinywa cha mzee nako ni neno, ijapokuwa halina sauti.

Basi ndugu yetu uliyeuliza, usiku huu kabla hujalala mwendee mama yako kwa bakuli la maji na mswaki laini, umwombe radhi, umsafishe meno yake manne. Nasi twakuomba radhi kwa jibu letu la kwanza.