Ukienda Ukerewe, Anza na Ratiba ya Meli

Anayekwenda Ukerewe kwa mara ya kwanza mara nyingi hupanga safari kama mtu anayekwenda Shinyanga. Anahesabu siku za likizo, anatafuta nyumba ya wageni, anapiga simu kwa rafiki, na usafiri anauacha mwisho kwa sababu amezoea kwamba basi halikosekani. Kwa kisiwa mpango wa namna hiyo hauwezekani. Anza na chombo: kinaondoka siku gani, saa ngapi, kutoka bandari ipi, na kinarudi lini. Ukishayajua hayo ndipo upange siku za kulala na za kutembea.

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, kiasi cha kilomita za mraba 530, na katika maziwa yote ya Afrika hakuna kinachokizidi. Wilaya yake ina visiwa 38, vingine vikubwa vyenye vijiji na shule, vingine ni miamba tu ya kuanikia nyavu. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, saruji ya fundi, kreti za soda, vitabu vya wanafunzi, vyote vinapita majini. Chombo kikisimama kwa matengenezo, bei zinapanda na watu wanangoja. Mgeni naye atangoja. Kwa hiyo usiende na siku mbili tu mkononi. Kulala mara mbili Nansio, makao makuu ya wilaya, ni kiwango cha chini, na ukitaka kufika kisiwa cha Ukara ongeza siku, pamoja na moja ya akiba mwishoni. Usipange kikao, harusi wala ndege siku ileile unayorudi.

Njia za kufika ni mbili. Ya kwanza ni kupanda meli au boti Mwanza na kushuka Nansio. Kwa meli ya kawaida ni mwendo wa saa tatu au zaidi. Boti za kasi huchukua muda mfupi zaidi. Ya pili ni ya barabara: kutoka Mwanza unafuata barabara ya Musoma kupitia Magu na Lamadi hadi Bunda, unakata kushoto kuelekea Kibara na Kisorya, kisha unavuka mlango mwembamba wa Rugezi kwa kivuko na kuendelea hadi Nansio. Njia hii ni ndefu na inachosha, lakini inamfaa mwenye gari, mwenye mzigo, au anayeogopa kukaa majini muda mrefu. Daraja jipya la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, linawachanganya baadhi ya wageni. Hilo linavuka Ghuba ya Mwanza kuelekea Sengerema na Geita; kwa safari ya Ukerewe halikusaidii chochote.

Ushauri wangu ni kwenda kwa meli na kurudi kwa barabara, au kinyume chake. Kwa meli utaiona Mwanza ikibaki nyuma na mawe yake yaliyobebana, na utakaa na wakazi wanaorudi nyumbani, ambao ndio watakaokueleza bei halali ya bodaboda na jina la mama anayepika sato vizuri. Kwa barabara utaona namna kisiwa kilivyo jirani na bara: pale Rugezi ng'ambo unaiona kwa macho, na bado maisha ya pande zote mbili yanategemea kivuko.

Ratiba usiichukue kwenye tangazo la zamani wala kwa mtu aliyekwenda mwaka jana. Meli hubadilishwa, hupelekwa matengenezo, na siku za kuondoka husogezwa. Nenda bandarini siku moja kabla ya safari, uliza dirishani, kata tiketi mwenyewe, na hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa katika orodha ya abiria. Watu wengi hulidharau jambo hili la jina. Chombo kikipata ajali, orodha hiyo ndiyo inayowaambia waokoaji wanatafuta watu wangapi, na ndiyo inayowaambia nyumbani kwako kama ulikuwemo.

Ziwa hili limetufundisha kwa gharama kubwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza ikitoka Bukoba, ikiwa na watu wengi kupita kiwango chake, na mamia kwa mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, siku ya mnada wa Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza mwendo mfupi kufika gati la Bwisya, Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa ni 228, na waliookolewa ni 41. Hesabu mwenyewe uone kilikuwa kimebeba watu wangapi.

Kutokana na ajali hizo abiria ana mambo ya kufanya ambayo hayahitaji kibali cha mtu. Kabla ya kupanda, soma kibao kinachoonyesha idadi ya abiria na tani za mzigo, kisha tazama watu waliopanda. Ukiona magunia yamerundikwa upande mmoja au watu wamejaa hadi njia za kutokea, shuka. Nauli utakayopoteza ni ndogo. Siku za mnada na mkesha wa sikukuu ndizo zenye hatari zaidi kwa sababu kila mtu anataka kuwahi, kwa hiyo mgeni asiye na haraka asivuke siku hizo. Ukishakaa, jua jaketi okozi liko wapi na namna ya kulifunga. Mtoto atafutiwe la kwake, kwa sababu la mtu mzima litamvuka kichwani. Usikae chumba cha chini mlango ukiwa umezibwa na mizigo. Chombo kikianza kukaribia gati, baki umekaa. Abiria wengi husimama mapema na kusogea upande wa kushukia, na chombo kilichojaa huweza kulala ubavu wakati huohuo, nchi kavu ikiwa inaonekana. Shuka wa mwisho. Bodaboda hawaishi.

Mitumbwi na boti ndogo za mbao zina kanuni yake. Usizipande usiku. Ziwa Victoria lina tabia yake ya mvua: mchana mawingu hujengeka juu ya nchi kavu, usiku pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa, na radi na dhoruba nyingi hupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ile ya vuli kuelekea mwisho wa mwaka ndiyo yenye dhoruba nyingi. Juni hadi Septemba kuna ukavu zaidi, ingawa upepo wa mchana huinua mawimbi ya kutosha kumtapisha asiyezoea. Ukiamka ukaona weusi umetanda juu ya maji, kaa unywe chai mpaka wavuvi wenyewe waanze kutoka. Nahodha akikwambia leo haendi, usimwongezee pesa ili abadilishe mawazo.

Ukifika Nansio, usikimbilie kuona vitu. Siku ya kwanza nenda mwaloni asubuhi. Mwalo ni mahali pa kushusha samaki, na ndipo utakapoelewa kisiwa kinaishi kwa nini. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wakavutwa na mwanga na wavu ukapandishwa. Mbalamwezi ikiwaka sana taa hazina nguvu, na wavuvi wa dagaa hupumzika. Kwa hiyo ukitaka kuona ziwa limejaa taa kama mji, angalia kalenda ya mwezi kabla hujakata tiketi, uende mwezi ukiwa mwembamba au haupo. Ukienda mwezi mpevu utakuta nyavu zinashonwa na watu wana muda wa mazungumzo, na hiyo nayo ni faida kwa anayependa hadithi.

Dagaa wa kupeleka nyumbani wanunue kwa makini. Wanaoanikwa mchangani ni wa bei nafuu. Wanaoanikwa juu ya chanja ni safi zaidi na bei yao iko juu. Chukua konzi moja, tazama kama wana rangi ya fedha au wameanza kuwa wa manjano, vunja mmoja usikie kama amekauka, kisha mtafune. Meno yakikutana na mchanga, usinunue, hata kama muuzaji anaapa. Kwa sato na sangara wabichi, fungua shavu utazame wekundu, na bonyeza mwili uone kama unarudi. Sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya 25 sheria inakataza kuwavua. Usiwanunue hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu kila samaki mchanga anayeuzwa leo amekatwa kabla ya kuzaa. Utaona pia sangara wa chumvi, kayabo, akifungwa kwa safari ya Kongo, na mabondo, vifuko vya hewa vya sangara, yakipimwa kwa uangalifu kama dhahabu, kwani kilo yake ina bei kubwa kuliko nyama yenyewe. Ukitaka kusafirisha mzigo mkubwa kuliko kitoweo cha nyumbani, ulizia kibali ofisi ya uvuvi palepale mwaloni, kuliko kubishana bandarini meli ikipiga honi.

Siku ya pili tembea kisiwani. Baiskeli au bodaboda vinatosha. Patana bei ya siku nzima, jaza mafuta, beba maji. Panda Handebezyo, kilima cha mawe ambacho juu yake unaona maji na visiwa pande nyingi. Pita Bukindo kwenye jumba la watemi wa Wakerewe. Magharibi kuna msitu wa Rubya, uliopandwa, unaoshuka hadi ufukweni. Fika pia Kagunguli, alikoishi Aniceti Kitereza, mwandishi aliyemaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kungoja hadi 1980 ndipo ikachapwa kwa Kiswahili: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ningemshauri kila msafiri aitafute na kuisoma kabla ya kuondoka. Imeandika kilimo, uvuvi, ndoa, dawa na adabu za Ukerewe kwa undani ambao hakuna mwongoza wageni atakayeufikia, na ukishaisoma utauliza maswali ya maana kwa wazee.

Ukara inastahili siku yake. Kutoka Nansio unakwenda Bugolora kwa gari au bodaboda, kisha unavuka kwa kivuko hadi Bwisya. Kisiwa ni kidogo na watu ni wengi, na kwa vizazi Wakara wameishi hivyo bila kuiua ardhi: ng'ombe hufungwa nyumbani na kulishwa kwa majani ya kukatwa, samadi hukusanywa hadi punje ya mwisho na kurudishwa shambani, na miteremko hukingwa kwa mawe. Mkulima wa bara akipita pale na kutazama kwa subira ataondoka na jambo la kujaribu kwake. Wengi hufuata lile jiwe linaloitwa jiwe linalocheza, Nyaburebeka. Usilifuate peke yako. Lina wenyewe na taratibu zake. Mwone mwenyekiti wa kijiji, toa kinachotakiwa, na picha piga ukiruhusiwa. Pale Bwisya wamezikwa wahanga wa MV Nyerere. Vua kofia, simama kimya, na usiligeuze kaburi kuwa mandhari ya picha yako.

Pesa taslimu chukua ya kutosha ukiwa Nansio, maana kwenye visiwa vidogo wakala wa simu anaweza kukosa salio siku nzima. Simu na kitambulisho vitie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Lala ndani ya chandarua, hata kama mwenye nyumba anakuhakikishia hakuna mbu. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa.

Jambo la mwisho ni kuogelea, na hapa nasema bila kuzunguka. Kichocho kipo Ukerewe, na kipo kwa wingi. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji machache yenye majani, hasa jua linapokuwa kali, na huingia kwenye ngozi bila wewe kuhisi. Usioge ufukweni kwenye matete wala usitembee majini miguu mitupu ukipiga picha. Hata ukiwaona watoto wa pale wanacheza majini, usidhani ni salama. Wao ndio wanaougua zaidi. Kwa kuoga, tumia maji yaliyochotwa na kuachwa siku mbili kwenye pipa. Kama umelowa kwa bahati mbaya wakati wa kushuka mtumbwini, jikaushe papo hapo kwa taulo. Ukirudi nyumbani usikimbilie kupima kesho yake, kwa sababu mapema hakionekani. Hesabu wiki sita hadi nane, nenda kituo cha afya, waambie ulikuwa ziwani, na uombe kipimo cha kichocho. Dawa yake, prazikwantel, inajulikana na inaponya. Usisubiri mpaka uone damu chooni.