Ukuta Uliolowa Usilale Karibu Nao

Nyumba nyingi za zamani hapa Runzewe ni za matofali mabichi, na baadhi tumezipiga lipu ya saruji ili zifanane na za mjini. Nyumba ya marehemu baba ni mojawapo. Msimu mmoja maji ya barabarani yaliingia ndani, yakakaa usiku mzima. Asubuhi tukayakumba, tukaanika magodoro, na jioni tukataka kurudi kulala. Mama akakataa. Aligonga ukuta, lipu ikalia kama debe tupu. Nilipobandua kipande, tofali nyuma yake lilikuwa tope.

Wapangaji wetu wawili tukawalaza kwa jirani. Ukuta wa chumba chao ulianguka siku ya tatu, saa nane mchana, jua likiwaka.

Tofali bichi hubeba mzigo likiwa kavu, likilowa hurudi kuwa udongo. Lipu ya saruji nayo huzuia unyevu usitoke, hivyo nje pakavu wakati ndani panaoza. Majirani zetu wa Mwakata, wilayani Kahama, walifikwa na msiba mzito Machi 3, 2015, pale mvua ya mawe na upepo vilipoua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiangukiwa na kuta za nyumba za tope.

Basi maji yakiingia, kata umeme, ila ukiwa umesimama majini usiguse swichi, mwite fundi umeme. Egemeza ukuta kwa mirunda kwanza, kisha mchana bandua lipu ya chini hadi usawa wa goti, ufungue madirisha. Usikaushe chumba kwa jiko la mkaa, moshi wake usioonekana huua. Ngoja wiki kadhaa. Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka kupiga lipu mpya siku ile ile, na nusura nimpe fedha!

Ukuta ukishakauka, matofali ya chini yaliyoliwa yatolewe kidogo kidogo, yawekwe mawe au matofali ya kuchoma. Paa lirefushwe litupe maji mbali, na mtaro uchimbwe kuyapeleka bondeni, si kwa jirani. Lipu iwe ya udongo na chokaa, haipendezi sana lakini hupumua.

Kodi ya miezi ile hatukuichukua. Wapangaji walirudi chumba kilipokauka.